Kufuli la Njano

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sketi yake, na Bi Usalama aliugundua wakati mbaya kuliko wakati wowote: alipoinama kumwekea kikombe cha chai mwanamume aliyealikwa kuja kumtazama. Kitu kigumu kilimchoma pajani. Akasimama wima ghafla, na chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Taratibu, mwanangu," alisema Shangazi, huku akimtolea mgeni tabasamu la kuomba radhi. "Leo ana haya."

Hakuwa na haya. Alikuwa ametia mkono mfukoni na kuushika ufunguo mdogo uliofungwa utepe wa njano.

Mgeni alikuwa Mhasibu, mtoto wa rafiki wa Shangazi, kijana nadhifu aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Alikuwa amekaribishwa kiti kizuri cha dirishani, ambacho Shangazi hakumruhusu mtu yeyote wa nyumbani akikalie.

"Nimeambiwa unasomea mambo ya hospitali," alisema Mhasibu.

"Usalama na afya kazini," alijibu. "Hospitali ndiko watu wanakopelekwa sisi tukizembea."

Mhasibu alicheka kidogo. "Basi niambie, kwa utaalamu wako, hiki kiti ni salama?"

"Mguu wa nyuma wa kushoto umelegea. Ukiegemea utaanguka."

Mhasibu akaacha kuegemea. Shangazi akamkata mpwa wake jicho ambalo lingeweza kukausha nguo.

Lakini akili ya Bi Usalama haikuwa sebuleni. Ilikuwa katika kiwanda cha mikate, upande wa pili wa mji, kwenye ukuta wa chumba cha kukandia, ambako kufuli lake la njano lilikuwa bado linaning'inia kwenye swichi kuu.

Jina la Bi Usalama alipewa hapo kiwandani, kwa dhihaka, wiki ile ile chuo kilipompeleka kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa mwaka wa mwisho. Wakandaji walidhani amekuja kuwahesabia dakika za kwenda msalani. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukandia unga, yenye bakuli la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuchutama ndani yake, akawauliza: mnapoisafisha, nani anahakikisha haiwashwi? Wakamjibu kwamba wanapiga kelele. Ndipo alipowaletea makufuli. Kila mtu kufuli lake, rangi yake, ufunguo wake mmoja. Kabla ya kutia mkono ndani ya mashine, unazima swichi kuu na kuifunga. Kufuli likiwa hapo, wewe uko ndani, hata kama hakuna anayekuona. Na hakuna wa kulitoa ila wewe mwenyewe. Ufunguo wa akiba hakuutaka kabisa. Ufunguo wa akiba, aliwaambia, siku zote huishia mkononi mwa mtu mwenye haraka.

Jumatatu asubuhi mwalimu wake angekuja kuona kama utaratibu huo unafuatwa kweli. Ukifuatwa, amefaulu na anahitimu. Kufuli hata moja likikutwa limekatwa, anarudia mafunzo yote mwakani.

Na leo, Jumamosi, yeye mwenyewe alikuwa ameondoka na ufunguo.

Kisa kilikuwa neno moja. Asubuhi Fundi wa mashine alikuwa amemaliza kuweka kifuniko kipya cha wavu juu ya bakuli. Bi Usalama akafunga kufuli lake pembeni ya la Fundi, akapanda ngazi, akainama na rula kupima matundu ya wavu kama kidole kinaweza kupenya. Kichwa chake kilikuwa ndani ya bakuli aliposikia sauti ya mwenye kiwanda, mama mzazi wa Fundi, ambaye wote walimwita Mama Tanuri.

"Hebu niambie, mwanangu. Siku hizi naona kila kitu kinapimwa na watu wawili. Huyu binti ni nani kwako?"

Fundi alikuwa ameahidi. Miezi miwili walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja nyuma ya stoo ya unga, yeye akimsomea maswali ya mtihani na kumtazama midomo wakati akijibu, na Jumamosi hii alikuwa ameahidi kumwambia mama yake.

"Ni mwanafunzi wa chuo tu, Mama," alisema Fundi.

Mashine ilikuwa imezimwa. Kiwanda kizima kilisikia ile "tu". Bi Usalama akachomoa kichwa kutoka kwenye bakuli, unga umemjaa kwenye paji la uso, akashuka ngazi, akachukua mkoba wake na rula yake, akaondoka bila kumtazama mtu. Barabarani akazima simu. Shangazi, ambaye alikuwa amemwona Fundi mara moja tu, siku ile alipomtazama mikono na kumuuliza kama kwao sabuni imepanda bei, aliposikia kuwa mpwa wake hataki tena kulisikia jina la mtu huyo, hakupoteza muda. Saa tisa Mhasibu alikuwa kwenye kiti cha dirishani.

"Shangazi, samahani," alisema sasa. "Lazima nitoke."

"Uende wapi na mgeni hajamaliza chai?"

Kabla hajajibu, honi ya gari ililia nje, ndefu, ya mtu asiyezoea kusubiri. Mlango ukabishwa na kufunguliwa kwa pamoja. Mama Tanuri aliingia na koti lake jeupe la kazini, unga mpaka kwenye nyusi, akautoa mkono wa kulia, ule wenye vidole vitatu, kuwasalimia watu asiowajua.

"Hamjambo humu ndani."

"Hatujambo. Karibu," alisema Shangazi kwa uangalifu. "Sijui naongea na nani?"

"Mimi ndiye ninayeoka mkate mnaokula."

"Sisi tunanunua pale dukani kwenye kona."

"Ndio huo huo." Kisha akamgeukia Bi Usalama. "Binti, simu yako imekufa?"

"Nimeizima, Mama."

"Umeizima. Hamira yangu nimeshaiamsha kwa maji ya uvuguvugu, inapanda, inatafuta unga, na mashine ina kufuli lako. Saa kumi tunatakiwa tuwe tunakanda mikate ya kesho."

"Nimeugundua ufunguo sasa hivi, Mama. Nisamehe. Nilikuwa nakuja."

"Neno la samahani nalisikia kwako, kwa mwanangu sijalisikia." Mama Tanuri alikaa bila kuambiwa, akiwa na jambo zito la kulitua. "Nimemwambia, lete msumeno wa chuma tukate. Kufuli lenyewe dogo, kama la sanduku la mtoto wa shule. Akasema hapana. Nikamwambia, binti hayumo ndani, tumechungulia. Akasema kanuni haisemi tuchungulie. Nikamwambia mkandaji mmoja akate yeye. Mwanangu akachukua debe tupu, akaligeuza, akaketi mbele ya swichi na kukunja mikono."

Bi Usalama aliutoa mkono mfukoni, ufunguo ukiwa kiganjani.

"Mbele ya wafanyakazi wangu wote," aliendelea Mama Tanuri, "akaniambia: Mama, kufuli lake likiwa hapa, yeye yumo ndani. Na aliyemo ndani ni mtu ninayetaka kumuoa. Siwashi, na hawashi mtu." Alimgeukia Shangazi kama anayetafuta shahidi. "Mwenzangu, wewe una mtoto. Ungependa kupewa habari za harusi na mtu aliyekalia debe?"

Mhasibu aliweka biskuti chini taratibu, isisikike.

"Mwanao yupi huyo?" aliuliza Shangazi, ingawa alijua. "Yule mwenye grisi mpaka kwenye viwiko?"

"Huyo huyo. Grisi ni ya mashine zangu."

"Mimi sina neno na mashine zako. Nina neno na mikono itakayoshika mashuka ya mpwa wangu."

"Hata mimi sijasema nimekubali," alisema Mama Tanuri. "Mwanamke anayekuja kazini kwangu kunikataza kazi nimfanye mkwe? Ataniambia nisipumue jikoni kwangu. Hilo tutaongea siku nyingine. Sasa, binti, nipe ufunguo niondoke."

Bi Usalama aliushika ufunguo kwa nguvu zaidi. Alijua anachokwenda kusema hakitamsaidia kwa yeyote kati ya wanawake hawa wawili.

"Siwezi kukupa, Mama."

"Huwezi?"

"Kufuli hutolewa na aliyelifunga. Nikikupa ufunguo wangu leo, wiki ijayo mwingine atampa mwenzake, na siku moja mtu atakuwa ndani ya lile bakuli huku ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Nitakuja mwenyewe."

Mama Tanuri aliutazama mkono uliofumba ufunguo. "Nyinyi wawili mmefundishwa na mwalimu mmoja?"

"Yeye nimemfundisha mimi."

"Inaonekana." Akasimama. "Twende basi. Ingia nyuma ya gari."

"Haendi popote bila mimi," alisema Shangazi, tayari akitafuta viatu.

Nje, Fundi, aliyekuwa ameliacha debe ili amwonyeshe mama yake njia, alikuwa amesimama kando ya gari la mikate, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alimwona, na macho yake yakafanya kile ambacho mdomo wake ulikishindwa asubuhi. Bi Usalama aligeuza uso. Aliugeuza kidogo tu, kiasi cha kuendelea kumwona kwa pembeni.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Fundi.

"Marahaba," alijibu Shangazi, akiitafuta mikono iliyofichwa.

Mbele ya gari kulikuwa na viti viwili, na wakubwa wakavichukua bila majadiliano. Mama Tanuri alionyesha nyuma kwa kidole gumba. "Nyinyi kaeni kwenye makreti."

"Nyuma hakuna mikanda, Mama," walisema Bi Usalama na Fundi kwa pamoja.

Mama Tanuri alifumba macho kidogo.

"Mimi nina gari," alisema Mhasibu kutoka mlangoni, akifuta makombo kwenye shati. "Lina mikanda kwa kila kiti."

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwanamume aliyealikwa kumchumbia Bi Usalama ndiye aliyewabeba yeye na Fundi kwenda kiwandani, wote wawili wamekaa kiti cha nyuma, kila mmoja kwenye dirisha lake, katikati pakiwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

"Nilikupigia simu," alisema Fundi, gari lilipoingia barabara kuu.

"Kwa ajili ya ufunguo."

"Nilianza kupiga ulipotoka getini. Habari za kufuli tulizijua mchana."

Bi Usalama aliliweka hilo akilini, akalikagua, akaona halina kasoro. Bado hakumtazama. "Uliahidi Jumamosi utamwambia mama yako."

"Na leo ni Jumamosi. Na nimemwambia."

"Asubuhi ulimwambia mimi ni mwanafunzi tu."

"Niliogopa."

"Mama yako?"

"Niliogopa atakukataa na wewe unasikia, kichwa chako kimo ndani ya bakuli. Mama hajui kukataa kitu kwa sauti ndogo. Nikaona bora niseme neno dogo, nije nimwambie tukiwa peke yetu. Halafu nikakuona unashuka ngazi na unga usoni." Akamgeukia. "Sitalisahau lile paji la uso."

"Samahani," alisema Mhasibu, "hapa nakata kulia?"

"Kulia," walimjibu.

"Na kama nina maoni?"

"Usiwe nayo," alisema Bi Usalama.

"Sawa."

Gari likakata kulia. Fundi akasogea kidogo kutoka dirishani mwake, na Bi Usalama akaliona hilo bila kugeuka.

"Kwa nini hukukata?" aliuliza. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usinijibu kwa kunifurahisha. Ulijua simo ndani. Mikate ya siku nzima ingeharibika. Na ni mama yako."

Fundi aliitoa mikono yake nyuma na kuiweka magotini. Alikuwa ameisugua kwa brashi mpaka ikawa myekundu.

"Nilikuwa na umri wa miaka sita mama alipopoteza vidole. Walikuwa wakifanya kazi wawili tu, yeye na baba, na mashine ya zamani. Baba alichungulia, hakumwona, akawasha. Mama alikuwa ameinama upande wa pili, anakwangua unga." Aliongea taratibu, macho kwenye mikono yake. "Leo aliponiambia tumechungulia, nikajikuta nimekalia debe. Sikufikiria sana. Ile ya kukuoa ndiyo niliyoifikiria. Hiyo nimeifikiria miezi miwili."

Bi Usalama alikuwa ametumia mwaka mzima chuoni kujifunza kwamba watu hawabadiliki kwa mabango ukutani. Wanabadilika wanapoona mtu wa kwao akifanya jambo, hasa linapomgharimu. Aliliandika hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Leo ndiyo mara ya kwanza alipoliona limekaa pembeni yake, likinuka sabuni.

Akauweka mkono wake kwenye ile nafasi ya mtu wa tatu. Fundi akauweka wake juu. Mhasibu, aliyekuwa anatazama kioo cha nyuma kuliko sheria inavyotaka, akarudisha macho barabarani.

Kiwandani wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye magunia, hamira imefurika kwenye ndoo na kuanza kumiminika sakafuni. Walipomwona Bi Usalama, wakainuka. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyelitamka jina lake kwa mzaha.

Kufuli la njano lilikuwa mahali pake, peke yake; Fundi alikuwa ameshatoa lake. Debe lilikuwa mbele yake, limegeuzwa juu chini. Alilisogeza kwa mguu, akaingiza ufunguo, akalifungua, akalishika juu watu walione, kama alivyowafundisha.

"Nimetoka," alisema kwa sauti. "Sina mkono wala kifaa ndani. Na nililisahau mwenyewe, kwa hasira. Jumatatu nitamwambia mwalimu hivyo hivyo."

"Atakukata alama," alinong'ona Fundi.

"Akate."

Mkandaji mmoja akanyoosha mkono kuifikia swichi.

"Usiguse," alisema Mama Tanuri.

Alisogea mpaka mbele ya mashine. Akalichukua kufuli la njano kutoka mkononi mwa Bi Usalama, akaligeuzageuza kwa vile vidole vyake vitatu, kama anayepima uzito wa donge la unga.

"Kumbe ni jepesi hivi," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo mwanawe aliapa hajawahi kuisikia: "Baba yake naye alichungulia."

Mama Tanuri akamrudishia kufuli, akajikohoza, na sauti yake ya kawaida ikarudi.

"Jumatatu nataka na mimi langu. Liwe jekundu. Mwalimu wako akija, mimi ndiye nitakayemwonyesha linavyofungwa, na akikukata alama atanieleza mimi. Sasa wewe, mwanangu, njoo hapa. Asubuhi nilikuuliza swali, mashine ikiwa imezimwa, na watu wote wakasikia jibu lako. Nakuuliza tena na imezimwa vilevile. Huyu binti ni nani kwako?"

"Ni mtu ninayetaka kumuoa, Mama," alisema Fundi. "Kama atanikubali. Na Shangazi akiniruhusu."

Macho yote yakamhamia Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja gauni lake lisiguse unga. Alikuja taratibu, akikwepa hamira sakafuni.

"Lete mikono," alisema.

Fundi akaitoa. Shangazi akaishika, akaigeuza, akaitazama kucha moja baada ya nyingine, akaminya kidole baada ya kidole.

"Vyote kumi," alisema mwishowe.

"Vyote, Shangazi."

"Kwa kazi hii?"

"Tangu mpwa wako aje, tunafunga mashine."

Shangazi aliitazama ile mikono myekundu kwa kusuguliwa, akaiachia. "Grisi inatoka kwa sabuni," alisema, kana kwamba wengine ndio walikuwa wakibisha. "Kidole hakirudi. Sasa muulize mpwa wangu mwenyewe."

"Harakisheni," alisema Mama Tanuri, ambaye vidole vyake vinane vilikuwa tayari vinakunja mikono ya koti. "Hamira haijui mambo ya posa. Watu wote nje ya mashine?"

"Tuko nje," waliitikia wakandaji.

"Kifuniko?"

"Kimefungwa."

Mama Tanuri akabonyeza swichi. Mashine ikaunguruma, mkono wa chuma ukaanza kuzunguka ndani ya bakuli, na Bi Usalama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameinua uso wake kwa Fundi na kufungua mdomo, alisema alichosema katikati ya kelele hizo.

Fundi aliweka kiganja sikioni. Akasema tena. Fundi akatikisa kichwa, akamsogelea mpaka unga wa koti lake la kazi ukahamia kwenye sketi ya Bi Usalama, na bado hakusikia.

Mhasibu, aliyekuwa amesimama karibu yao na mkate wa asubuhi mkononi, nusu yake mdomoni, alimeza haraka na kupaaza sauti mpaka kwenye tanuri ikafika.

"Amesema ndiyo. Amelisema mara mbili."